Namba ya dagaa ikibadilika, iandikwe

Mwaka 2001 mchicha ulipoteza nusu ya vitamini A yake. Haukupandwa vibaya, haukuchemshwa kupita kiasi, wala udongo wake haukuchoka. Taasisi ya Tiba ya Marekani ilipitia upya ushahidi wa namna mwili wa binadamu unavyoigeuza beta-karotini ya mboga kuwa vitamini A, ikaona mwili hauifanyi kazi hiyo vizuri kama ilivyodhaniwa. Kabla ya hapo mikrogramu 6 za beta-karotini zilihesabiwa sawa na mikrogramu 1 ya vitamini A. Baada ya hapo zikahitajika 12. Maini hayakuguswa, kwa sababu vitamini A yake tayari ni retinoli. Lakini mboga za majani, karoti, maboga, maembe na viazi lishe, vyote vilikatwa nusu kwa mstari mmoja wa hesabu.

Chukua viazi vitamu vibichi vya rangi ya chungwa. Jedwali la Idara ya Kilimo ya Marekani linasema gramu 100 zina mikrogramu 8,509 za beta-karotini. Gawanya kwa 6 unapata 1,418. Gawanya kwa 12 unapata 709. Kiazi ni kilekile, maabara ni ileile, na namba zote mbili ni sahihi kwa kanuni yake. Atakayezichanganya katika safu moja ya jedwali atatangaza kwamba lishe ya kijiji imeporomoka, au imepaa, na hakuna mtu kijijini aliyebadilisha chakula chake.

Wataalamu wa INFOODS, mtandao wa data za vyakula ulio chini ya FAO, walilikabili jambo hili vizuri. Kitambulisho cha zamani, VITA, hawakukipa maana mpya. Walikiacha na maana yake ya zamani, wakatengeneza kingine, VITA_RAE, kwa hesabu mpya. Faili la mwaka 1995 na faili la mwaka 2005 yote mawili yanasema kweli, ilimradi yameandikwa kwa vitambulisho hivyo. Palipoandikwa tu "Vitamini A" ndipo penye tabu, hasa kwa kuwa Ulaya haikuifuata Marekani: mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, iliamua kubaki na hesabu ya 6.

Nafanya kazi ya kuweka misimbo kwenye data za vyakula. Ni kazi isiyoonekana, na sidai ionekane. Ila nina jambo la kudai kwa niaba yake. Namna tunavyovipanga na kuvitambulisha vyakula hubadilika, na ni lazima ibadilike, kwa sababu sayansi inaendelea na vyakula vyenyewe vinabadilika. Kila badiliko liandikwe, litangazwe, lifuatiliwe, na awepo mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Katika matangazo ya kazi ninayosoma, ya serikali na ya miradi, sijaona nafasi ya mtu huyo hata mara moja. Wanatafutwa wadadisi, wachambuzi, wataalamu wa lishe, waandaaji wa programu za vishikwambi. Mtunzaji wa orodha yenyewe hatafutwi.

Msomaji aliyewahi kutembelewa na mdadisi atakumbuka swali: tangu jana asubuhi mpaka leo asubuhi mmekula nini? Jibu la "ugali na dagaa" huingia kwenye kishikwambi kama maneno, kisha mtu kama mimi huligeuza kuwa msimbo. Msimbo huo hauko peke yake. Uko ndani ya mpangilio unaosema kwamba dagaa ni samaki, kwamba huliwa mzima pamoja na kichwa na mifupa, kwamba huyu ameanikwa na hakukaangwa, kwamba ametoka ziwani na si baharini. Mpangilio wa namna hiyo, wenye vitu, sifa zake na uhusiano wake, uliotamkwa wazi kiasi cha kompyuta kuufuata, wataalamu huuita ontolojia. Mifupa ikisahauliwa katika maelezo ya dagaa, kalisi ya mtoto wa Sengerema inapotea kwenye hesabu, hata kama aliila.

Kazi ya kujenga mipangilio hii si changa. LanguaL ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1970, katika mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo. Wazo lake lilikuwa kukieleza chakula kwa pande nyingi kwa pamoja: kimetokana na mmea au mnyama gani, ni sehemu ipi, kimepikwaje, kimehifadhiwaje, kimefungashwa ndani ya nini. Ulaya ina FoodEx2, iliyotolewa na EFSA mwaka 2011 na kurekebishwa mwaka 2015. FAO ina AGROVOC tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake. FoodOn, inayoratibiwa na watafiti wa British Columbia, Kanada, ilijengwa juu ya LanguaL, na mwaka 2018 waandishi wake waliitangaza rasmi katika jarida la kisayansi. Sisi tuna majedwali ya virutubishi vya vyakula vya Tanzania ya mwaka 2008, yaliyoandaliwa na Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ina yake ya mwaka 2018. Kila kimoja kati ya hivi kina matoleo, na kati ya toleo na toleo kuna mtu aliyeamua kuongeza, kugawa, kuunganisha au kuondoa.

Hapo kwenye kugawa ndipo ninapotaka kukaa, na nitakaa na dagaa, kwa sababu nimezaliwa Ukerewe na samaki huyu namjua kabla sijaijua namba yake.

Dagaa wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea. Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kisha huanikwa mchangani, juu ya mawe, au kwenye vichanja pale ambapo wachakataji wamepata mtaji wa kuvijenga. Aliyeanikwa mchangani hubeba mchanga, na mchanga huo hujitokeza maabara kama majivu mengi, na udongo unaweza kuongeza hata madini ya chuma yasiyokuwa ya samaki. Dagaa wa Kigoma ni samaki wengine kabisa, Stolothrissa tanganicae na mwenzake Limnothrissa miodon, wa ukoo wa sadini. Hawana undugu wa karibu na yule wa Ukerewe. Ziwa Nyasa lina usipa, Engraulicypris sardella, na wapo wanaomwita naye dagaa akishafika sokoni. Baharini kuna vidagaa vya jamii kadhaa, na wale wanaochakatwa Zanzibar, ambao wengi wao husafirishwa hadi Kongo, huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi ndipo waanikwe.

Kwa mpishi hawa wote ni dagaa, na hana kosa. Kwa mtu anayehesabu sodiamu, kalisi na chuma, hawa ni vyakula tofauti, na chumvi ya dagaa wa Zanzibar peke yake inatosha kuwatenganisha. Orodha za utafiti wa kaya kwa kawaida haziendi mbali kiasi hicho. Katika utafiti wa kaya unaofuatilia familia zilezile, unaofanywa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, dagaa amewekwa pamoja na samaki wengine katika mafungu mawili, la wabichi na la wakavu, wa chumvi na wa kopo. Kwa utafiti unaolenga matumizi ya kaya hilo linaeleweka. Kwa utafiti wa lishe halitoshi, kwa hiyo siku moja lazima mtu aje aseme: tumgawe dagaa.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa data za mradi mmoja uliofanya jambo hilohilo. Awamu ya kwanza ilikuwa na dagaa mmoja tu. Washauri wa awamu ya pili wakamgawa katika makundi manne, na walikuwa sahihi kabisa. Halafu wakaipanga upya orodha kwa alfabeti na kuipa namba mpya kutoka juu hadi chini. Namba iliyokuwa ya "dagaa" ikaangukia kundi la kwanza kialfabeti, yaani "dagaa wa baharini, waliochemshwa kwa chumvi". Mchambuzi akaunganisha awamu mbili kwa namba, kama mchambuzi yeyote angefanya, kwa sababu hakuna karatasi iliyomwambia asifanye hivyo. Wanawake wa Kanda ya Ziwa, ambao kwenye awamu ya kwanza walikula dagaa wa Mwanza aliyeanikwa bila chumvi, wakaonekana wanakula chumvi nyingi ajabu. Rasimu ya ripoti ilikuwa na aya nzima ya ushauri kwa kliniki kuhusu dagaa na shinikizo la damu.

Nilipoiona aya ile niliomba majibu ya awali, yale maneno yenyewe ambayo wadadisi waliyaandika kabla ya kuyageuza misimbo. Yalikuwepo. "Dagaa wa Mwanza", "dagaa wa hapa ziwani", "dagaa wa kukaanga na nyanya". Aya ikaondolewa. Lakini siku hizi nakutana na mafaili ambayo safu ya maneno ya awali imefutwa, na sababu niliyopewa ni kupunguza ukubwa wa faili. Fikiria mama aliyeacha jembe lake akakaa kwenye kigoda kueleza alichopika, akaeleza vizuri kabisa, kisha sisi tukabaki na namba isiyojulikana ilikuwa na maana gani mwaka ule. Linanikera sana. Alitupa muda wake bure.

Waliojenga ontolojia za kisayansi walishayapitia haya, na walijiwekea sheria ambazo FoodOn inazifuata. Namba ikishatolewa haifutwi kamwe, na haipewi kitu kingine kamwe. Namba yenyewe haibebi maana, wala herufi za jina, wala nafasi katika alfabeti, kwa hiyo orodha ikipangwa upya namba haisogei. Istilahi isiyotumika tena hustaafishwa: inabaki kwenye faili, imepigwa alama kwamba haitumiki, na pembeni yake pameandikwa iliyochukua nafasi yake. Pasipokuwa na mrithi mmoja wa uhakika, panaandikwa za kufikiria, na binadamu anatakiwa aangalie mwenyewe. Kila toleo lina tarehe, na matoleo ya nyuma hubaki yanapatikana. Mtu yeyote, hata aliyeko Kyela, anaweza kuomba istilahi mpya au kupinga iliyopo, na maombi hayo pamoja na mabishano yake hubaki wazi kwa kila mtu kuyasoma.

Afisa ardhi angezielewa sheria hizi bila kufundishwa. Kiwanja kikigawanywa, hati ya zamani haitupwi jalalani wala namba yake haipewi kiwanja cha mtaa mwingine. Husalimishwa, huandikwa imekuwa viwanja gani, na jalada lake hubaki masijala, kwa sababu ipo siku mtu atakuja na mkataba wenye namba ile ya zamani mkononi.

Kugawa kuna ugumu ambao hakuna sheria inayoumaliza, na hapa nina msimamo. Dagaa mmoja akiwa wanne, data za zamani ziende wapi? Wengi hutaka kuzihamisha: kaya ya Mwanza ipewe msimbo wa Ziwa Victoria, ya Kigoma ipewe wa Tanganyika, kazi imeisha. Mimi nasema zisihamishwe. Msimbo mzazi, "dagaa, aina haikutajwa", ubaki hai, na data za zamani zibaki pale, kwa sababu hicho ndicho tulichokijua siku ile. Dagaa husafiri. Wa Mwanza analiwa Dodoma, wa Kigoma anauzwa Dar es Salaam kwa bei yake, na kaya ya mjini ikisema "dagaa" hujui ametoka wapi. Mtafiti anayetaka kukisia kwa kutumia mkoa akisie, lakini kisio liwe na safu yake, lenye tarehe na maelezo ya alivyokisia, wala lisikae kwenye kiti cha jibu la mhojiwa.

Kuna hatari ya upande wa pili, ambayo naiogopa zaidi kwa sababu haina kelele. Wakati mwingine msimbo haubadiliki, kinachobadilika ni chakula. Mwaka 2011 Tanzania ilitunga kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano, unga wa mahindi na mafuta ya kula. Unga wa ngano wa viwandani ukaanza kubeba chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Chapati ya mwaka 2009 na chapati ya mwaka 2016 zinafanana kwa macho na kwa ladha, na katika mafaili mengi zina msimbo mmoja. Lakini asidi ya foliki ndiyo inayomkinga mtoto aliye tumboni dhidi ya mgongo wazi, na kila anayewajua wazazi wanaowapeleka watoto Muhimbili kwa upasuaji wa mgongo wazi na vichwa vikubwa anajua kwa nini swali hili si la makaratasi. Mtafiti akitaka kujua kama kanuni zile zimepunguza tatizo, kitu cha kwanza atakachohitaji ni kutofautisha unga ulioongezwa virutubishi na usioongezwa. Kama data zetu zinasema "unga wa ngano" tangu mwanzo hadi mwisho, tumemnyima jibu kabla hajauliza.

Unga wa mahindi ni mgumu zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya mahindi yetu husagwa kwenye mashine za mtaani ambako kirutubishi hakifiki. Hapo hatuhitaji kutenganisha miaka tu, tunahitaji kutenganisha mahali paliposagwa. Tunahitaji pia kutenganisha dona na sembe, na si kwa ajili ya virutubishi peke yake. Mwaka 2004 sumukuvu ya aflatoksini kwenye mahindi iliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa mashariki mwa Kenya. Machi 2021 Kenya ilizuia kwa siku chache mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyohiyo ya sumukuvu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote kwa pamoja, na 5 kwa ile aina ya B1 iliyo kali kuliko zote. Kukoboa huondoa sehemu ya sumu pamoja na pumba, kusaga dona huibakiza. Matokeo ya maabara yaliyowekewa msimbo wa "mahindi" bila kusema ni punje, dona au sembe hayawezi kumwambia waziri wala mkulima mzigo uko wapi.

Viazi vitamu ni kisa kama hicho. Vya asili kwetu, vyeupe ndani, vina beta-karotini kidogo mno. Viazi lishe vina nyingi, na kazi ya kuvieneza Afrika ilimpa Robert Mwanga wa Uganda na wenzake Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 2016. Nchi iliyokuwa na msimbo mmoja wa kiazi kitamu ilipaswa kuugawa siku ile mche wa kwanza wa viazi lishe ulipogawiwa wakulima. Na aliyeazima thamani ya Marekani, ile ya 709 niliyoitaja juu, akaibandika kwenye kiazi cheupe cha Gairo, amewapa watoto vitamini A ambayo haijawahi kufika mdomoni mwao.

Majina ya Kilatini nitayapitia haraka, kwa kuwa wanasayansi wanajua kuyafuatilia pale wanapotaka. Sato ameitwa Tilapia, akaitwa Sarotherodon, leo ni Oreochromis niloticus. Choroko zimetoka Phaseolus zikaenda Vigna. Mgagani umekuwa Cleome na Gynandropsis kwa zamu, na hadi leo maandiko yanautaja kwa majina yote mawili. Mnavu ndio unaohitaji uangalifu, kwa sababu kwa miaka mingi uliandikwa Solanum nigrum, jina ambalo vitabu vingi vya Ulaya vinalihusisha na sumu, wakati mboga inayoliwa kwetu mara nyingi ni jamaa zake, kama Solanum scabrum na Solanum villosum. Jennifer Edmonds na James Chweya waliyapanga haya vizuri katika kitabu chao cha mwaka 1997. Anayetafuta data za mnavu kwa jina moja la Kilatini atakosa nusu ya zilizopo.

Vijana wa programu ninaofanya nao kazi huniambia kwamba suluhisho ni kutumia toleo la karibuni kila wakati. Nawaheshimu, na wamenisaidia sana, lakini katika hili siwaungi mkono. Toleo la karibuni linafaa kwa data mpya. Kwa data ya zamani, toleo sahihi ni lile lililotumika siku inawekewa msimbo, na daraja kati ya hilo na la leo lazima lijengwe kwa mkono na mtu anayejua dagaa. Programu ya kulinganisha matoleo mawili inaweza kukuonyesha kila mstari uliobadilika, lakini ni mjuzi wa chakula atakayekwambia kama mstari ule ulikuwa marekebisho ya tahajia au ni samaki mwingine.

Wafadhili nao husema tuache vyetu, tuhamie kwenye ontolojia ya kimataifa. Nakubaliana nao nusu. Tuunganishe misimbo yetu na FoodOn na FoodEx2, tuombe istilahi zetu ziingizwe, tushiriki kwenye mijadala yao. Lakini kuhamia huko hakutuondolei kazi ya utunzaji, kunaiongeza, kwa sababu sasa tutakuwa na mabadiliko yao ya kufuatilia pamoja na yetu. Istilahi ikigawanywa British Columbia, nani Dar es Salaam atajua kwamba data za Kigoma zinahusika? Na istilahi ambayo haijawahi kuombwa haitakuwepo. Tofauti ya dagaa wa kichanja na wa mchangani hataijua mtu yeyote kule mpaka mmoja wetu aiandike, aambatanishe ushahidi, na ajibu maswali yatakayofuata.

Suala la fedha nalifahamu. Miradi hulipia kujenga, na mradi ukifungwa orodha inabaki kwenye kompyuta ya mtu aliyehama kazi. Ndiyo maana sitaki kazi hii iwe ya mradi. Iwe ya taasisi. Taasisi ya Chakula na Lishe ipo tangu mwaka 1973 na ndiyo mahali pake pa kawaida. Ofisi ya Taifa ya Takwimu ina orodha za utafiti wa kaya, TBS, shirika la viwango, imeshika usalama wa chakula tangu ilipoupokea kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, mwaka 2019, na Chuo Kikuu cha Sokoine kina maabara na walimu. Wanne hawa wakikaa meza moja mara mbili kwa mwaka, na mwajiriwa mmoja wa kudumu akaandika wanachoamua, sehemu kubwa ya ninayoyalalamikia inaisha. Wenzetu wa Nairobi, Kampala na Kigali waalikwe, kwa kuwa dagaa wa Ziwa Victoria hasimami mpakani.

Toleo lijalo la majedwali yetu naomba liwe na kurasa za mabadiliko mwanzoni kabisa, kabla ya virutubishi. Ziwe na namba ya zamani, namba mpya, tarehe ya kuanza kutumika, sababu, na cheo cha aliyeidhinisha. Maneno ya awali ya wahojiwa yahifadhiwe pamoja na misimbo, majina yao yakiwa yameondolewa. Kila thamani iliyoazimwa nje iseme imetoka jedwali gani na toleo lipi. Na kama panatafutwa pa kuanzia, waanze na dagaa: sampuli zinapatikana Mwaloni Kirumba kule Mwanza, Kibirizi kule Kigoma, Kyela wakati wa usipa, na Malindi pale Unguja. Zinunuliwe kwa makundi manne, zipimwe kando kando, waliokaushwa mchangani mbali na wa kichanjani, na kila kundi lipewe namba yake mpya huku ile ya zamani ikibaki ilipo.